Maji ya Bluu Yanadanganya: Stori ya Tembe ya Klorini

Ukiona mtu amepost kidimbwi cha kuogelea cha nyumbani kwake, maji ya bluu yanang'aa hadi unaona mawingu ndani, jua kuna tembe nyeupe hapo inafanya kazi ambayo kamera haioni. Imewekwa kwenye kichombo cha plastiki kinachoelea, inayeyuka pole pole, inaua vijidudu. Hiyo tembe ndiyo mada ya leo. Na kabla mniambie "sisi hata maji ya mfereji yanakuja mara moja kwa wiki, wewe unatuletea mambo ya vidimbwi", ngojeni kidogo. Hii stori ni yenu kuliko ya huyo mwenye kidimbwi.

Hoja yangu ni moja tu. Historia ya klorini ni historia ya watu kujifunza, tena kwa makaburi, kwamba macho na pua si kipimo cha maji.

Mwaka 1774 mfamasia mmoja wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alichanganya madini meusi ya manganizi na asidi, ikatoka gesi ya rangi ya kijani-manjano, inakaba koo. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba hiyo gesi ni elementi, akaipa jina kutoka neno la Kigiriki la hiyo rangi. Lakini wafanyabiashara hawakungoja jina. Waliona inang'arisha nguo. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow alikuwa tayari amepata hataza ya unga unaotengenezwa kwa kupitisha klorini kwenye chokaa. Zamani vitambaa vilianikwa juani kwa wiki na wiki ili viwe vyeupe. Sasa kazi ikawa ya muda mfupi. Kwa ufupi, babu ya Jik ya mama yako alizaliwa kwa sababu ya mashati, maji ya kunywa yalikuja baadaye sana.

Twende Vienna, mwaka 1847. Kwenye hospitali kuu ya huko kulikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja ilihudumiwa na wakunga. Nyingine na madaktari na wanafunzi wao, ambao walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja kuzalisha. Wodi ya madaktari ndiyo iliyokuwa inaua. Aprili mwaka huo, kama wanawake 18 kati ya kila 100 walikufa huko. Daktari Ignaz Semmelweis akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye ule unga wa klorini. Miezi michache baadaye vifo vikashuka hadi karibu 2 kwa kila 100.

Sasa skiza hapa. Kwa nini alichagua klorini? Kwa sababu iliondoa harufu ya maiti mikononi. Aliwaza kwamba harufu ikiisha, sumu nayo imeisha. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilifikiwa kwa pua, kwa sababu habari ya vijidudu ilikuwa bado haijulikani. Madaktari wengi wakubwa walimkataa. Alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

Macho nayo yalifeli London, mwaka 1854. Kipindupindu kilipiga mtaa wa Soho, na Dakt. John Snow akafuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya Broad Street. Watu waliipenda ile pampu. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda maji yake hivi kwamba alikuwa analetewa chupa kila siku. Akanywa, akafa. Huko kwake Hampstead hapakuwa na mlipuko wowote. Maji matamu, yanaaminika, na ndiyo yaliyomuua.

Kwa hivyo kufikia mwisho wa karne ya 19 watu walijua maji yanaua, na walikuwa na kitu cha kuua vijidudu. Ungedhani basi mambo yaliisha hapo. Hayakuisha. Wazo la kutia "kemikali" kwenye maji ya watu lilikuwa linatisha. Mji wa Lincoln, Uingereza, ulitumia klorini mwaka 1905, lakini hiyo ni baada ya homa ya matumbo kuingia mjini. Mpaka watu wafe kwanza.

Aliyebadilisha mchezo ni daktari wa Marekani anayeitwa John Leal. Baba yake, daktari pia, alirudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe na ugonjwa wa tumbo, akateseka miaka mingi hadi kufa mwaka 1882. Mwaka 1908 Leal alikuwa mshauri wa kampuni iliyouzia Jersey City maji. Mji ulikuwa umeishtaki hiyo kampuni: mkataba unasema maji safi, na haya si safi. Suluhisho moja lilikuwa kujenga mabomba ya majitaka kule juu mtoni, pesa mingi. Leal akaleta njia nyingine. Bila kuomba ruhusa ya mtu, Septemba 26, 1908 akaanza kutia klorini kwenye maji yanayotoka bwawa la Boonton, dozi ndogo sana, chini ya nusu miligramu kwa lita. Baadaye akawa kortini anajieleza.

Mawakili walimuuliza kama yeye mwenyewe anakunywa hayo maji, na kama angewapa familia yake. Akasema ndiyo. Lakini kilichomwokoa ni vipimo. Maji yalichukuliwa siku baada ya siku, bakteria wakahesabiwa, kabla na baada. Mwaka 1910 kesi ikaamuliwa kwa upande wa klorini. Miji mingine ya Marekani ikafuata, na homa ya matumbo ikaanza kupungua.

Msinielewe vibaya, Leal hakuwa malaika. Kampuni yake ilikuwa inakwepa gharama ya mabomba. Ila alileta ushahidi unaoweza kuhesabika, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Vidimbwi vilifuata haraka. Karibu mwaka 1910, kwenye chuo kikuu cha Brown, mwanafunzi anayeitwa Bunker alijaribu klorini kwenye kidimbwi cha chuo, ikafanya kazi. Na miaka mitano tu baadaye, Aprili 22, 1915, wanajeshi wa Ujerumani wakafungulia gesi hiyo hiyo Ypres, Ubelgiji, ikaua askari kwenye mahandaki. Kitu kile kile. Tofauti ni kipimo.

Tembe yenyewe ni ujanja wa karne ya 20. Shida ya klorini ya kawaida kwenye kidimbwi cha nje ni jua. Mwanga wake unaila kwa saa chache tu. Wanakemia wakaifunga klorini na kitu kinaitwa asidi ya sianuriki, ambayo inaikinga na jua, halafu wakaishindilia iwe tembe inayoyeyuka kwa siku kadhaa. Poa sana, ila kuna mtego. Klorini inatumika inaisha, lakini ile asidi inabaki. Kila tembe inaongeza. Ikizidi, inaishikilia klorini hadi inakuwa mzembe, na dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji uweke mapya. Kwa macho, maji bado ni ya bluu.

Na pua? Watu husema kidimbwi kinachonuka klorini ndicho kisafi. Ni kinyume. Ile harufu kali na macho mekundu ni kloramini, yaani klorini iliyokutana na jasho na mkojo wa watu. Kikinuka hivyo, mara nyingi kinahitaji klorini zaidi na watu waoge kabla ya kuingia. Ndiyo maana mwenye kidimbwi hupima: klorini kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu hizi tembe zinasukuma maji yawe na asidi. Na usichanganye tembe za aina moja na unga wa klorini wa aina nyingine, hata kwa ndoo kavu. Zinaweza kulipuka.

Nilipoacha chuo, kibarua kimoja nilichofanya kilikuwa kusafisha vidimbwi vya watu. Nyumba moja ilikuwa na kifaa kizuri cha kupima, tunapima asubuhi na jioni, tunaandika kwa daftari. Sisi wafanyakazi tulikunywa maji ya tangi la nyuma. Hilo tangi halikuwa na daftari. Maji ya kuchezea yalijulikana hadi desimali, ya kunywa tuliachiwa imani.

Hapo ndipo hii historia inanikera. Kenya imejua kipindupindu tangu 1971, na bado kinarudi. Na tusijidanganye ati hatujui la kufanya. Huku magharibi mwa nchi, pande za Busia, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyeshinda Nobel ya uchumi pamoja na wenzake mwaka 2019, walichunguza jambo dogo sana: watu watumie klorini vipi? Ikiuzwa dukani, wachache walinunua. Ikiwekwa bure pale pale watu wanachota maji, kwenye tangi lenye koki inayotoa dozi ya mtungi wa lita 20, wengi wakatumia. Hakuna kukisia, hakuna kunusa. Unafungulia mara moja, unachota, unangoja nusu saa.

Kwa hivyo ukiniuliza, sina shida na mtu kuwa na kidimbwi. Aweke tembe zake, apime. (Na tafadhali, tembe za kidimbwi si za maji ya kunywa. Za kunywa ni tofauti, zina maelezo yake, zifuate.) Shida yangu ni nchi ambayo kipimo ni cha mwenye nafasi, na wengine wanaambiwa "haya maji ni masafi, si unaona?"

Yule mjane wa Hampstead naye aliona. Uliza keateka wa ploti yenu tangi lilioshwa lini na maji yalipimwa lini. Akikujibu "hayana shida, hata hayanuki", umeshapata jibu lako.