Kufuta saraka za mfumo kwa bahati mbaya

Kufuta saraka za mfumo kwa bahati mbaya ni kosa la mtumiaji au la programu linaloondoa folda ambazo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unazihitaji ili kufanya kazi. Kwenye Windows nyingi ziko ndani ya C:\Windows. Kwenye Linux ni pamoja na /bin (amri za msingi), /etc (mipangilio), /usr (programu) na /boot (faili za kuwashia kompyuta).

Sababu

Kwenye Linux, amri rm -rf hufuta saraka na vyote vilivyomo bila kuuliza, wala haivipeleki kwenye kapu la taka. Mtumiaji wa kawaida huzuiwa na ruhusa za mfumo. Hatari huja anapotumia akaunti ya root, yenye mamlaka yote.

Kosa dogo la kuandika linatosha. Mwaka 2011 skripti ya kusakinisha programu ya Bumblebee ilikusudiwa kufuta saraka moja ndogo iliyomo ndani ya /usr. Kwa kuwa palikuwa na nafasi iliyozidi baada ya neno /usr, ilifuta /usr yote.

Tangu mwaka 2006 rm ya GNU hukataa kufuta "/", yaani saraka kuu, isipolazimishwa. Kinga hiyo haizuii "/*", kwa sababu nyota hugeuzwa kuwa orodha ya saraka zote kabla rm haijaanza kazi.

Dalili

Kompyuta haizimiki papo hapo. Programu zilizokwisha kufunguliwa huweza kuendelea, kwa kuwa Linux haiachilii faili inayotumika mpaka ifungwe. Lakini amri mpya, hata ls, hazipatikani, na kompyuta ikizimwa huenda isiwake tena.

Hatua za kuchukua

* Kusimamisha amri mara moja kwa Ctrl+C.
* Kutozima kompyuta kabla ya kunakili faili muhimu, ikiwa bado zinafikika.
* Kuiwasha kwa flashi yenye Linux, kunakili saraka ya /home, kisha kusakinisha mfumo upya.

Kinga

Mfumo husakinishwa upya, lakini kazi ya mtu isiyo na nakala huweza kupotea kabisa. Mwaka 1998 amri ya rm ilifuta sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2 huko Pixar, na nakala za akiba zikakutwa na kasoro. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa watengenezaji wake. Kwa hiyo nakala huwekwa nje ya kompyuta yenyewe, na hujaribiwa kabla hazijahitajika.