Noradrenalini na Seli Zilizodhaniwa Gundi

Mwaka 1786, mjini Paris, daktari Félix Vicq d'Azyr alichapisha kitabu cha anatomia chenye picha za ubongo zilizochorwa kwa ustadi mkubwa. Katika shina la ubongo alikuwa ameona doa dogo la buluu. Mwaka 1812 ndugu wawili wa Kijerumani, Joseph na Karl Wenzel, walilipa doa hilo jina la Kilatini, locus coeruleus. Kazi yake haikujulikana.

Hiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kisa hiki; ya pili, ile ya seli zilizodhaniwa gundi, ilianzia Berlin. Mwaka 1858 Rudolf Virchow alieleza kwamba seli za neva zimezungukwa na kitu cha kuzishikanisha, akakifananisha na gundi. Baadaye Camillo Golgi na Michael von Lenhossék walionyesha kwamba humo mna seli zenye umbo la nyota, na katika miaka ya 1890 Lenhossék akaziita astrosaiti. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizitia rangi kwa dhahabu mwaka 1913, zikaonekana waziwazi. Hata hivyo hukumu ya Virchow ilidumu. Kwa kuwa astrosaiti hazirushi mapigo ya umeme kama seli za neva, wengi walizihesabu kuwa watumishi wa kimya.

Njia hizi mbili zilikuja kuunganishwa na kemikali moja. Mwaka 1946, huko Sweden, Ulf von Euler alitambua kwamba neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kukabili hatari, hutoa noradrenalini. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, aliyekuwa akifanya kazi Augusta, Georgia, alisema kwamba viungo huipokea kemikali ya aina hiyo kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. Wazo hilohilo ndilo lililomwongoza James Black hadi kwenye dawa ya propranololi, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1954 Marthe Vogt, akiwa Edinburgh, alionyesha kwamba noradrenalini imo ndani ya ubongo wenyewe, tena kwa viwango vinavyotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu. Miaka 10 baadaye Annica Dahlström na Kjell Fuxe waliitazama ikimeremeta kijani chini ya hadubini. Chimbuko lake kubwa likawa lile doa la Vicq d'Azyr. Kwa binadamu doa hilo lina seli takriban 50,000 tu, katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini nyuzi zake zinafika karibu kila pembe. Tena nyuzi hizo mara nyingi huimwaga noradrenalini katika nafasi iliyo baina ya seli, mahali ambapo matawi ya astrosaiti yametanda.

Kilichofuata kilihitaji kuzitazama upya seli zilizodharauliwa. Ilibainika kwamba astrosaiti zina vipokezi vya alfa na vya beta. Noradrenalini ikigusa vipokezi vya beta, akiba ya glaikojeni ndani ya astrosaiti huvunjwa, na laktati inayopatikana huweza kuwa nishati kwa seli za neva. Ikigusa vipokezi vya alfa-1, kalisiamu hupanda ndani ya astrosaiti. Mwaka 2014 maabara ya Dwight Bergles, Johns Hopkins, ilionyesha kwamba panya akianza kukimbia, kalisiamu hupanda kwa pamoja katika astrosaiti za sehemu za ubongo zilizo mbalimbali, na kwamba noradrenalini ndiyo inayozifanya ziwe tayari kuitikia.

Jaribio la 2019 katika maabara ya Misha Ahrens huko Marekani ndilo linalonigusa zaidi. Samaki wadogo aina ya zebrafish waliwekwa mahali ambapo kuogelea hakukuwasogeza mbele. Kila jitihada iliposhindwa, seli za noradrenalini ziliamka, kalisiamu ikajilimbikiza katika astrosaiti zao, na hatimaye samaki wakaacha kuhangaika. Astrosaiti zilipozimwa, samaki waliendelea kujaribu bila kukata tamaa.

Mwaka 2025 timu ya Thomas Papouin, St. Louis, ilitoa jibu lililo wazi zaidi kwa swali la iwapo noradrenalini hutenda kazi kupitia astrosaiti. Katika hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo wa panya, noradrenalini ilipunguza nguvu ya miunganiko ya neva kwa kupitia astrosaiti: zenyewe hutoa kemikali ya ATP, ambayo hugeuka kuwa adenosini na kuituliza miunganiko hiyo. Vipokezi vya alfa-1 vilipoondolewa katika astrosaiti, athari hiyo ilitoweka. Vilipoondolewa katika seli za neva, ilibaki palepale.

Hukumu ya gundi imeshindwa kwa ushahidi. Anayefundisha biolojia leo, na anayeandika kitabu cha shule, azipe astrosaiti nafasi yake stahiki: nazo husikiliza, huamua na huathiri tabia. Mwanafunzi anayefundishwa seli za neva peke yake anafundishwa nusu ya ubongo.