Buibui wa Cleveland: Msimu wa 1899

Historia ya michezo kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya mabingwa, na walioburura mkia husahaulika kabla msimu unaofuata haujaanza. Katika besiboli ya Marekani, hata hivyo, ipo timu moja ambayo haijasahaulika kwa sababu ya kushindwa kwake. Timu hiyo ni Cleveland Spiders, yaani Buibui wa Cleveland, ambao mwaka 1899 walicheza mechi 154, wakashinda 20 na kupoteza 134. Hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kupoteza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja, kabla yao wala baada yao. Chicago White Sox walipopoteza mechi 121 mwaka 2024 ilisemekana wameweka rekodi mpya, lakini rekodi waliyoivuka ni ile ya New York Mets ya mwaka 1962, waliopoteza 120. Hesabu hiyo huanzia mwaka 1901, kwa hiyo Buibui hawamo.

Wanafunzi wetu wa hapa Uganda si wageni kabisa wa mchezo huu, hasa tangu watoto wa Lugazi walipofika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kushiriki mashindano ya dunia ya watoto. Lakini besiboli ya kulipwa ina mambo yake, na kisa cha Buibui kinaonyesha vizuri yanayoweza kutokea pale mali na mchezo vinapokuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Frank Robison, mmiliki wa timu hiyo, alikuwa mfanyabiashara wa tramu mjini Cleveland. Uwanja wake, League Park, uliofunguliwa mwaka 1891, aliujenga zinapopita tramu zake, ili mtazamaji anayelipa kiingilio awe amekwisha kumlipa nauli pia. Timu yenyewe haikuwa dhaifu hata kidogo. Mwaka 1895 ilitwaa Kombe la Temple kwa kuwashinda Baltimore, na mwaka 1898 ilishinda mechi 81. Mrushaji wake mkuu alikuwa Cy Young, ambaye hadi anastaafu alikuwa ameshinda mechi 511, idadi ambayo hakuna aliyeikaribia. Tatizo lilikuwa watazamaji. Siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku ya mapumziko ya wafanyakazi, mchezo ulikatazwa kisheria, na mwaka 1897 wachezaji walikamatwa na polisi kwa kujaribu kucheza siku hiyo. Robison aliona mji haumtaki.

Mwanzoni mwa mwaka 1899 timu ya St. Louis ilipigwa mnada kwa sababu ya madeni ya mwenyewe, Chris von der Ahe. Ilikuwa imetoka kupoteza mechi 111, lakini mji ulikuwa mkubwa na Jumapili watu walicheza bila kusumbuliwa. Robison na nduguye Stanley wakaichukua, huku wakiendelea kuimiliki ile ya Cleveland, kwani ligi haikuwa na sheria ya kuwazuia. Kisha wakawahamishia St. Louis wachezaji wote waliokuwa na thamani: Young, Jesse Burkett, Bobby Wallace, pamoja na kocha Patsy Tebeau. Cleveland wakapelekewa mabaki. Katika mechi ya kwanza ya msimu Buibui walikutana na St. Louis, wakashindwa na Young, aliyekuwa mwenzao mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo watu wa Cleveland walipotoa jibu lao: hawakwenda uwanjani. Msimu mzima mechi 42 za nyumbani zilipata watazamaji 6,088, yaani wastani wa watu 145 kwa mechi. Kwa vile timu mgeni hupewa sehemu ya kiingilio, wapinzani waliona kwamba fedha hizo hazitoshi hata nauli ya treni na malipo ya hoteli, wakakataa kuja. Tangu katikati ya msimu Buibui wakawa wasafiri, wakizunguka mji hadi mji. Waandishi wa magazeti wakawabatiza jina la Wahamishwa. Walicheza mechi 112 ugenini, wakashinda 11 tu.

Wapo wanaopenda kuwacheka wachezaji hao. Sisi hatuoni haki katika kicheko hicho. Kila alipojitokeza mmoja aliyefanya vizuri, alichukuliwa. Lave Cross, kocha na mchezaji, alirudishwa St. Louis mwezi Juni, na kazi ikamwangukia Joe Quinn, aliyeshinda mechi 12 na kupoteza 104. Mrushaji Jim Hughey alishinda mechi 4 na kupoteza 30, na hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyefikia kushindwa mara 30 tangu hapo. Kati ya Agosti na Septemba timu ilipoteza mechi 24 mfululizo. Katika mechi 41 za mwisho ilishinda moja.

Je, Robison alipata alichokitaka? Waswahili wamesema mshika mbili moja humponyoka, na St. Louis yake iliyojaa nyota ilimaliza nafasi ya tano. Linalostaajabisha zaidi ni kwamba mwaka huohuo Baltimore nayo ilinyang'anywa wachezaji wake bora kwa mtindo uleule, wakapelekwa Brooklyn, waliotwaa ubingwa. Lakini John McGraw, aliyekuwa na biashara yake Baltimore, alikataa kuhama. Akapewa kuiongoza timu iliyobaki, nayo ikamaliza ya nne, juu ya St. Louis. Buibui hawakuwa na McGraw wao.

Mechi ya mwisho ilichezwa Cincinnati tarehe 15 Oktoba. Siku hiyo mpira ulirushwa na Eddie Kolb, kijana aliyeuza sigara hotelini. Walifungwa pointi 19 kwa 3, na Kolb hakucheza tena ligi kuu maisha yake yote.

Mapema mwaka 1900 ligi ilipunguza timu kutoka 12 hadi 8. Cleveland ikaondolewa pamoja na Louisville, Washington na hata Baltimore ya McGraw, na baadaye ikawa marufuku mtu mmoja kumiliki timu mbili. Mwaka 1901 ligi pinzani ilipeleka Cleveland timu mpya, ambayo tangu msimu wa 2022 inaitwa Guardians. Jina hilo lilipokuwa likitafutwa, baadhi ya mashabiki walipendekeza Spiders. Pendekezo lao halikupita.