Makaratasi ya Siri na Wafu wa Masisi (1944)

Tunataka kuongea hapa juu ya uasi wa Masisi na Lubutu, ule uliotokea tangu Januari mpaka Mei 1944, wakati vita kubwa ya ulimwengu ilikuwa bado haijakwisha. Vitabu vya shule vinaupita upesi. Wengine wanauita vita ya Kitawala, wengine vita ya Bushiri, wengine wanasema haikuwa vita hata kidogo, ila mauaji tu. Siku hizi tunasikia vijana wanaosoma historia wakisema: «Makaratasi ya siri ya Wabeleji yamefunguliwa, sasa tutajua ukweli.» Ni neno zuri, lakini linaomba kupimwa. Serikali iliandika mambo mengi kwa siri. Je, iliandika yale tunayotaka kujua?

Kwanza tukumbuke hali ya nchi. Masisi ya wakati ule haikuwa Masisi ya leo: teritware hiyo ilikuwa imeshika na misitu ya Walikale, nchi ya Wanyanga na ya Wakumu, mpaka karibu na Lubutu. Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wadachi tangu Mei 1940, na mawaziri wake walikuwa wamekimbilia London. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans alikuwa na kazi moja kubwa, ndiyo kuwapa Waingereza na Waamerika mali ya Kongo kwa ajili ya vita. Wajapani walipoishika Malaya mwanzoni mwa 1942, bati na mpira wa Asia vikakatika. Basi watu wa Kivu na Maniema wakaombwa kasiteriti zaidi, dhahabu zaidi, na mpira wa msituni, kazi ambayo wazee wao walikuwa wameifanya kwa machozi wakati wa Leopold II. Siku za kazi ya lazima mashambani zilikuwa 60 kwa mwaka. Amri ya 1942 ilizipandisha mpaka 120. Mtu ahesabu mwenyewe: mtu wa kijiji anatoa miezi minne, na bado kodi, na bado barabara, na bado kapita wa machimbo anatafuta vibarua. Asiyetimiza alijua fimbo.

Mashaka hayo hayakuwa ya Kivu peke yake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière kule Elisabethville waligoma, wakapigwa risasi. Februari 1944, wakati Masisi inawaka, askari wa Force Publique waliasi Luluabourg. Wakubwa wa serikali, waliokuwa wametengwa na nchi yao, waliona moto pande tatu, wakaanza kutafuta mkono mmoja uliouwasha. Tushike neno hilo, maana makaratasi mengi ya siri yaliandikwa na watu waliokuwa wanautafuta mkono huo.

Juu ya Kitawala yenyewe tuseme kifupi, maana wasomaji wetu wanaijua. Asili yake ni vitabu vya Watch Tower, ile jamaa iliyoanzishwa na Charles Taze Russell katika Marekani. Mafundisho yalipita Nyasaland na Rhodesia, yakaingia Katanga miaka ya 1920. Ndipo Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alipowaua watu kwa kusema ni wachawi. Neno «Tower» likageuka katika midomo ya watu likawa kitu kingine. Tunasikia ndani yake neno «kutawala», na wakubwa wa serikali walilisikia pia, wakatetemeka. Lakini ni nani aliyeleta Kitawala katika misitu yetu? Kwa sehemu kubwa, serikali yenyewe. Kwa dekreti ya 1910 mtu aliyeonekana hatari aliweza kuhamishwa kwa nguvu mbali na kwao, bila hukumu ya tribinali. Wahubiri walitolewa Katanga wakatawanywa katika nchi nzima, na kila mmoja alikwenda na mafundisho yake. Ni kama kutawanya Wakristu wa Yerusalemu baada ya kifo cha Stefano: kila aliyefukuzwa alihubiri pale alipofika. Hatusemi mafundisho ni sawa. Tunasema njia ni ileile.

Kati ya Wakumu alisimama Bushiri Lungundu. Wafuasi wake walimwita Mukombozi, jina ambalo sisi tunalihifadhi kwa Mmoja tu. Alitangaza mwisho wa kazi ya lazima na wa utawala wa Wazungu, na watu wengi wakamfuata, wakaacha machimbo na mashamba. Watu wa serikali walishambuliwa. Force Publique ikatumwa, vijiji vikapigwa, Bushiri akakamatwa. Kisha hukumu, gereza, na wengi wakapelekwa katika makambi ya watu waliohamishwa, kama vile Ekafera na Kasaji.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wafu ni wangapi? Hesabu zinazotajwa katika vitabu hazilingani, na tofauti yenyewe si ndogo. Tena, uasi huu ulikuwa wa namna gani? Wengine waliona wazimu wa dini tu, uliotoka ng'ambo. Maurice Lovens, aliyeandika juu ya uasi huu mwaka 1974 katika daftari za CEDAF kule Bruxelles, aliufuata mwezi kwa mwezi na kuupa nafasi yake katika mashaka ya wakati wa vita. Mwene-Batende, katika kitabu kilichotolewa na Fakulte ya Teolojia ya Kikatolika ya Kinshasa mwaka 1982, aliona ndani yake kilio cha Wakumu juu ya maisha yao yaliyovunjwa. Na Nicole Eggers, mwaka 2015, aliweka pamoja maneno mawili ya watu wenyewe, Mukombozi na monganga, akaonyesha kwamba jambo la uponyaji lilikuwa ndani kabisa: watu walitaka nchi iliyougua ipone. Sisi tunadhani huyu wa mwisho amegusa kitu ambacho katekista wa Walikale angekitambua mara moja, hata kama hajapata kusoma karatasi moja ya Bruxelles.

Sasa twende kwenye makaratasi. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, Wabeleji walipakia arshivi za koloni wakazipeleka kwao; na mengine, zaidi ya polisi ya siri iliyoitwa Sûreté, yalichomwa moto hapahapa. Basi anayetafuta ajue tangu mwanzo kwamba anasoma mabaki. Yaliyofika Bruxelles yaliwekwa katika «Archives africaines» za Wizara ya Mambo ya Inje, na katika miaka ya karibuni yalianza kuhamishwa kwenye Arshivi za Taifa za Ubelgiji. Humo mna dosie za AIMO, ni kusema idara ya mambo ya wenyeji na ya kazi. Mna raporo za wakubwa wa teritware, barua za magavana, na sehemu ya Sûreté. Siri ilikuwa na sheria yake. Sheria ya Ubelgiji ya 11 Desemba 1998 haikuweka mwisho wa siri: karatasi yenye muhuri ilibaki imefungwa hata wote waliotajwa ndani walipokuwa wamekwisha kufa, mpaka mwenye mamlaka aifungue. Wanahistoria walilalamika sana. Mwaka 2021 kulitolewa kitabu kikubwa chenye kuonyesha njia katika arshivi zote za ukoloni wa Kongo, Rwanda na Burundi, na yeyote anayeanza kazi hii aanze nacho.

Mtu asidhani Wabeleji peke yao walikuwa na tabia ya kuficha. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa mbele ya tribinali kule London, serikali ya Uingereza ililazimika kukubali kwamba dosie karibu 8.800 za makoloni yake ya zamani zilikuwa zimefichwa Hanslope Park. Na Waamerika? Wakati wa vita ile wapelelezi wao wa OSS walikuwa Léopoldville, na makaratasi ya OSS yalifunguliwa tangu miaka ya 1980. Lakini walikuwa wanaangalia urani ya Shinkolobwe na almasi zilizouzwa kwa njia ya magendo. Mpelelezi anaandika juu ya kile alichotumwa kukitafuta, na hao hawakutumwa kuhesabu makaburi ya Walikale.

Tena neno «siri» linadanganya. Kijana anaona muhuri mwekundu, anadhani amekuta ukweli ambao hakuna mtu aliyeujua. Mara nyingi amekuta hofu tu. Tufikiri jinsi raporo ilivyozaliwa. Mtu amekamatwa, amefungwa kamba, pengine amekwisha kupigwa. Lugha yake ni Kikumu. Anaulizwa kwa Kiswahili, na mkalimani yuko kati. Majibu yanaandikwa kwa Kifaransa. Raporo inapanda kwa mkubwa wa teritware, anaifupisha. Inapanda Costermansville, inafupishwa tena. Inafika Léopoldville katika mistari michache. Mtu aliyesema «tulichoka» anaweza kutoka upande wa pili akiwa amesema «tuliasi». Na mambo ambayo hayakuulizwa hayakuandikwa popote.

Wanaseminari wanajua mfano wa zamani zaidi. Karibu na mwaka 112, Plinio, gavana wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano raporo juu ya Wakristu. Alipokea majina yaliyoandikwa na mtu asiyejitaja. Aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika kanisa lao, akitafuta siri. Hakuona kitu, alisema, ila upotovu wa dini uliopita kiasi. Sisi leo tunaisoma barua ile kwa shukrani, maana inatuambia kwamba wazee wetu wa imani walikusanyika alfajiri wakamwimbia Kristu. Lakini hakuna padri anayechukua hukumu ya Plinio kuwa ndiyo maana ya Ukristu. Tunachukua alichokiona, tunaacha alichodhani. Raporo za Masisi zinaomba kusomwa hivyohivyo, hata kama hapa wanaoulizwa si ndugu zetu wa imani, na mafundisho yao yalilipinga Kanisa. Haki ya kusomwa vizuri haitegemei ubatizo.

Basi tufungue na sanduku letu. Mapadri Weupe, waliokuwa na Vikariati ya Kivu, walikuwa na kanuni tangu Kardinali Lavigerie: kila misioni iandike daftari ya mambo ya kila siku. Daftari hizo na raporo za mwaka zinatunzwa katika arshivi yao kule Roma. Tena, tarehe 2 Machi 2020, Papa Fransisko alifungua arshivi za Vatikano za wakati wa Pio XII. Katika Kongo ya 1944 Mjumbe wa Papa alikuwa Askofu Mkuu Giovanni Battista Dellepiane, aliyekaa Léopoldville tangu 1930 mpaka 1949. Barua za ofisi yake ni za kutafutwa. Anayekwenda huko asiende kwa kutafuta sifa za Kanisa tu. Wamisionari wengi wa wakati ule waliiona Kitawala kuwa hatari kwa imani na kwa serikali pamoja, na waliongea na wakubwa wa serikali kama jirani na jirani. Katekista alimwambia padri, padri akamwambia mkubwa wa teritware. Habari iliyotoka kwa uchungaji iliweza kwa njia hiyo kuingia katika dosie ya polisi. Tukikuta mambo ya namna hiyo, tuyaandike na tarehe zake, bila kuyapaka sukari na bila kujipiga kifua mbele ya watu.

Kunabaki arshivi ya nyumbani, ambayo ndiyo inayokufa upesi. Tangu Machi 1993, damu ilipomwagika katika soko la Ntoto, Masisi na Walikale zimekimbiwa mara nyingi mno. Watu walikimbia na watoto na vyungu. Hakuna aliyekimbia na vitabu vya ubatizo. Mwanzoni mwa 2025 vita ilifika Masisi-centre, na mwezi wa tatu Walikale-centre. Mahali ambapo bado kuna kitabu cha zamani cha wafu au cha ubatizo, padri au katekista apige picha kila ukurasa, picha zipelekwe kwa askofu, na leo ni afadhali kuliko kesho.

Na wazee. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1944 amepita tisini. Lakini watoto wao wako, na watu wa Kitawala wako pia katika misitu ile, wana sala zao na wana kumbukumbu yao. Ni lazima kuwauliza na wao. Asiende mtu mwenye mavazi ya kanisa na daftari mkononi siku ya kwanza: wanakumbuka vizuri sana ni nani aliyekuja zamani na daftari. Aende na mtu wa ukoo. Asiulize kwanza juu ya mafundisho ya Bushiri, maana hapo mtu atafunga mlango au atahubiri. Aulize kijiji kilikuwa wapi kabla ya kuhamishwa barabarani, nani alikuwa kapita, ni mwezi gani wa mvua askari walipofika, nani hakurudi. Majina aandike jinsi yanavyotamkwa, na jina la baba, na la mto wa karibu. Kisha ayaweke kando ya hesabu ya raporo, kijiji kwa kijiji, na pale hesabu zinapokataa kulingana aandike zote mbili.