Implanti ya mkononi: inadumu miaka ngapi, na siku ya kuitoa inajulikana namna gani?

Katika vituo vingi vya afya vya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, implanti ni moja ya njia za uzazi wa mpango zinazoombwa sana. Inawekwa mara moja, chini ya ngozi ya mkono, kisha mama anarudi kwenye kazi zake: shamba, soko, watoto. Hakuna kidonge cha kukumbuka kila jioni, hakuna sindano ya kila miezi 3. Na hapo ndipo shida inaanzia. Kitu ambacho mtu hakikumbuki kila siku, anaweza kusahau pia siku yake ya mwisho.

Mama akiulizwa implanti yake ni ya aina gani, majibu yanafanana: "waliniambia ya miaka mitano", ao "nafikiri ni mitatu", ao "karti ilipotea wakati tulikimbia". Kati ya 3 na 5 kuna miaka 2. Ndani ya miaka hiyo 2 mwanamke anaweza kulala akijua analindwa, kumbe dawa imelegea zamani.

Aina zinazopatikana

Inayojulikana kwa muda mrefu ni Jadelle. Ni vijiti 2 vya silikoni laini, kila kimoja kina urefu wa milimita 43, karibu sawa na njiti ya kiberiti. Ndani kuna homoni inayoitwa levonorjestreli, miligramu 75 kwa kila kijiti. Karatasi ya mtengenezaji inatoa miaka 5.

Ya pili ni Implanon NXT. Hii ni kijiti 1 tu, cha milimita 40, chenye homoni ingine, etonojestreli, miligramu 68. Kwa miaka mingi imeandikwa kwamba ni ya miaka 3, na ndiyo hesabu ambayo wauguzi wengi wanaandika kwenye karti.

Ya tatu inaitwa Levoplant. Hiyo inaomba uangalifu juu inachanganya watu. Inafanana na Jadelle: vijiti 2, homoni ileile, miligramu zilezile 75. Lakini imeandikwa miaka 3, si 5. Kwa hiyo mama anayegusa mkono wake na kusikia vijiti 2 asiseme mara moja "basi yangu ni ya miaka mitano". Jina ndilo linaamua, si hesabu ya vijiti.

Wazee wa kazi hii wanakumbuka Norplant, iliyokuwa na vijiti 6 na ambayo Finland iliikubali wa kwanza mwaka 1983. Kuiweka na kuitoa ilikuwa kazi ndefu. Jadelle ilikuja kuipunguza hadi vijiti 2.

Nini kinaisha ndani

Kijiti chenyewe hakiozi wala hakiyeyuki. Kinachoisha ni homoni. Inatoka polepole, inafanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za mwanaume zisipite, na inazuia yai lisikomae. Mwanzoni inatoka kwa nguvu, kisha inapungua. Kwa Implanon, karibu na juma la 6 zinatoka mikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwisho wa mwaka wa kwanza ni 35 hadi 45. Mwisho wa mwaka wa tatu zinabaki 25 hadi 30. Ni sawa bidoni yenye tundu dogo chini: maji yanaendelea kutoka, lakini presha si ile ya asubuhi.

Ndani ya muda wake, implanti ni kati ya njia zenye nguvu kuliko zote. Kwa wanawake 1.000 wanaoitumia, karibu 1 ndiye anayebeba mimba katika mwaka wa kwanza. Muda ukipita, hakuna anayeweza kumhakikishia mama hivyo tena.

Mwili hautoi kengele. Wengi wanafikiri kwamba wakianza tena kuona damu yao ya mwezi kwa utaratibu, dawa imeisha. Ao kwamba kama damu haionekani, dawa ingali ina nguvu. Yote mawili si ya kutegemea. Kuna mwanamke anayekwenda mwezini vizuri tangu mwaka wa kwanza na analindwa kabisa. Kuna mwingine ambaye damu yake imevurugika miaka yote, na muda wa implanti yake umekwisha. Kalenda peke yake ndiyo inajibu.

Je, mtu anaweza kupitisha muda kidogo? Swali hili lilichunguzwa. Shirika la afya duniani, OMS, lilifuata wanawake wenye Implanon na wenye Jadelle katika nchi 7, Zimbabwe ikiwa mojawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kwa wanawake waliobaki na Implanon kupita mwaka wa 3 hadi wa 5, hakuna mimba iliyoonekana. Habari hiyo inatuliza moyo wa mama ambaye barabara ilifungwa na amechelewa miezi kadhaa. Lakini si ruhusa ya kukaa nyumbani. Anayepitisha muda ulioandikwa afanye hivyo kwa shauri la munganga anayejua aina ya implanti yake, na utafiti huo haukuhusu Levoplant.

Mambo yanayopunguza nguvu kabla ya wakati

Uzito ni jambo moja. Kwa mwanamke wa kilo 80 ao zaidi, Jadelle inaweza kulegea kisha mwaka wa 4, na ni vizuri azungumze na muuguzi mapema.

Dawa zingine ni jambo kubwa zaidi, na mara nyingi haliulizwi siku ya kuweka. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, inafanya ini lichome homoni haraka. Dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali zinafanya vilevile. Kwa watu wanaoishi na VIH, shida ni efavirenzi. Katika utafiti uliofanyika Kampala, wanawake 20 waliokuwa na implanti ya levonorjestreli huku wakimeza efavirenzi walifuatwa kwa karibu mwaka mmoja: 3 walibeba mimba. Hiyo ni nyingi sana kwa njia ambayo kwa kawaida inaacha mimba 1 kwa wanawake 1.000.

Leo wagonjwa wengi wa VIH wamepewa dolutegraviri, na hiyo haigombani na implanti. Kwa hiyo mama asiache dawa zake hata siku moja juu ya kuogopa. Anachopaswa kufanya ni kutaja dawa zote anazomeza, hata kama muuguzi hakuuliza. Anayetibiwa kifua kikuu anaweza kuongeza kondomu hadi matibabu yaishe, ao kuchagua sindano ya miezi 3, ambayo haiguswi na rifampisini. Kondomu ingali ya lazima pia kwa sababu ingine: implanti haizuii VIH wala magonjwa mengine ya zinaa.

Karti ikipotea

Watu waliokimbia kutoka Rutshuru, Masisi, Djugu ao Fizi hawakubeba makaratasi. Walibeba watoto. Kwa mama kama huyo, hatua ya kwanza ni kutafuta tarehe kwa njia ya matukio. Implanti iliwekwa kabla ya kuzaliwa kwa mtoto gani kwa jirani? Mtoto mkubwa alikuwa darasa la ngapi? Katika Goma na Nyiragongo alama iko wazi: mlima uliripuka tarehe 22 Mei 2021. Aliyewekewa Jadelle juma hilo, mwisho wake ni Mei 2026. Aliyewekewa Implanon ao Levoplant, mwisho wake ulioandikwa ulikuwa Mei 2024.

Hatua ya pili ni kugusa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Kijiti 1 ni Implanon. Vijiti 2 vinaweza kuwa Jadelle ao Levoplant, na kama hakuna njia ya kujua, busara ni kuhesabu miaka 3. Kama hata mwaka hauonekani, mama atumie kondomu mpaka afike kwenye kituo, apimwe mimba, na abadilishiwe. Kama kituo alichowekewa kingali kinafanya kazi, rejista yake ya uzazi wa mpango inaweza kuwa na jina, tarehe na aina, hata kisha miaka.

Kutoa ni haki, si zawadi

Kuna malalamiko yanayorudi katika mazungumzo ya wamama: kuweka ni rahisi, kutoa ni safari. Timu inakuja kijijini na kampeni, inaweka bure, inaondoka. Miaka inapita, mama anakwenda kwenye kituo, anaambiwa hakuna vyombo, ao aliyejifunza kutoa alihamishwa, ao alipe kwanza. Wengine wanaambiwa "vumilia, miaka yako haijaisha". Jibu hilo si sahihi. Implanti inaweza kutolewa siku yoyote ambayo mwenyewe anataka, awe anatafuta mtoto, awe amechoka na damu isiyoeleweka, awe hataki tu. Siku ya kuweka ndiyo siku ya kuuliza: ni nani hapa anajua kutoa, na itaomba feza ngapi?

Juu ya bwana, sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 inaomba waliofunga ndoa kisheria wakubaliane kuhusu njia ya uzazi wa mpango. Wasipopatana, nia ya yule ambaye njia inamhusu ndiyo inafuatwa. Wachache wanajua nusu hiyo ya pili.

Kazi yenyewe ni fupi. Muuguzi anagusa kijiti, anachoma sindano ya ganzi, anapasua ngozi kidogo sana, milimita chache tu, anasukuma kijiti kitoke, anaweka bandeji. Kwa kawaida haiombi kushonwa. Mama ana haki ya kuonyeshwa kilichotoka: kijiti 1 kizima ao vijiti 2 vizima. Nusu ikibaki ndani, kazi haijaisha.

Kinachokatazwa ni kutoa nyumbani kwa wembe, ao kwa mtu wa famasi ambaye hakujifunza. Mkono unaweza kuoza, pepopunda inaweza kuingia, mshipa wa fahamu unaweza kukatwa na vidole vikapoteza nguvu. Na kama kijiti hakisikiki kwa vidole, hata muuguzi asianze kuchimba. Mgonjwa atumwe kwenye hospitali yenye ekografi ili kijiti kionekane kwanza. Implanon NXT inaonekana pia kwenye picha ya radio.

Uvumi kwamba kijiti kinatembea hadi kwenye moyo umetisha wengi. Kwa kawaida kinabaki palepale kilipowekwa, ao kinasogea kidogo tu. Visa vya Implanon kuingia kwenye mshipa wa damu na kufika kwenye pafu vimeandikwa duniani, lakini ni vichache mno, na vinatokana zaidi na kuweka kwa kina kupita kiasi. Ndiyo maana kisha kuwekewa, muuguzi na mama wote wawili wanapaswa kukigusa.

Kubadilisha

Anayetaka kuendelea anaweza kutolewa ya zamani na kuwekewa mupya saa ileile, hata kupitia tundu lilelile ao kwenye mkono mwingine. Mwili hauhitaji "kupumzika". Wazo hilo la kupumzisha mwili miezi 6 limeleta mimba nyingi zisizotarajiwa, maana uwezo wa kuzaa unarudi haraka sana kisha kutoa. Wengine wanabeba mimba mwezi uleule. Akibadilisha kabla ya muda kuisha, ulinzi haukatiki. Akichelewa, atapimwa mimba kwanza, kisha kondomu kwa siku 7 za kwanza.

Na mama aliyesahau kabisa, ambaye kijiti kimekaa miaka 8 ao 9? Asiogope. Implanti ya zamani si sumu na haiozeshi kizazi. Inaweza kuendelea kutoa homoni kidogo isiyo na faida. Aende aitolewe, basi. Ila akiwa na dalili za mimba, pamoja na maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja ao kizunguzungu cha kuanguka, huyo apelekwe hospitali siku ileile: mimba ni nadra kwa mwenye implanti, lakini ikitokea inaweza kukaa nje ya kizazi, na hiyo inaua.

Jambo la kupanga mapema ni dawa yenyewe. Katikati ya mwaka 2025 Marekani ilitangaza kwamba itachoma dawa za uzazi wa mpango zenye bei ya dola milioni 9,7 zilizokuwa katika depo ya Geel, Ubelgiji. Ndani mulikuwa implanti, na Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizokuwa zimezingojea. Kwa kituo cha ndani, hiyo inaweza kumaanisha kabati tupu siku ambayo mama anafika na miaka yake imetimia. Basi aulize miezi 2 ao 3 kabla ya tarehe, na kama implanti haipo, achague sindano ao vidonge vya kushikilia nafasi.

Tarehe hiyo ikae mahali zaidi ya pamoja: kwenye karti ya implanti, kwenye karti ya chanjo ya mtoto wa mwisho, na kwenye simu ya mtu wa nyumbani ambaye mama anamwamini, ikiandikwa jina la implanti, siku iliyowekwa na siku ya kuitoa.