Majengo ilikuwa na mtandao wa kijamii kabla ya Facebook

Haya wasomaji, leo hakuna programu wala seva. Leo ni historia, na historia yenyewe iko hapa hapa Eastlands.

Juzi niliombwa kutengeneza fomu ya kusajili watu kwa utafiti wa afya. Mpango ulikuwa rahisi: tangazo linawekwa Facebook, mtu wa Kayole au Umoja analibofya, anajaza jina, nambari ya simu, mtaa, na kujibu kama amewahi kupimwa virusi vya UKIMWI. Kazi ya siku mbili. Nilipofika kwenye hifadhidata nikasita. Nilikuwa natengeneza orodha ya majirani zangu na siri zao, kabla hata hawajaonana na muuguzi!

Nikajiuliza: zamani walifanyaje bila intaneti?

Jibu liko Majengo, Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakifuatilia magonjwa ya zinaa. Mmoja wao alikuwa daktari Mkanada, Frank Plummer. Wakaanza kufanya kazi na wanawake wa Majengo waliokuwa katika biashara ya ngono. Mwaka 1985 walipopima virusi vya UKIMWI walishtuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kuwa, kati ya wanawake wa kipato cha chini waliopimwa katika biashara hiyo Nairobi, asilimia 66 walikuwa tayari wameambukizwa.

Sasa fikiria. Utamshawishije mama ambaye polisi humkamata na majirani humsema, aje kutolewa damu mara mbili kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka? Hakuna bango lingefanya kazi hiyo.

Aliyeifanya ni muuguzi, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Aliitisha mabaraza. Wanawake wakachagua viongozi wao, na habari zikatoka mlango hadi mlango: kliniki ipo, unatibiwa, hutukanwi. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba elimu na kondomu zilikuwa zimepunguza maambukizi kati ya wanawake hao.

Kwa lugha yetu ya kompyuta, huo ulikuwa mtandao kamili. Viongozi walikuwa vituo na baraza lilikuwa seva. Tofauti ni kwamba habari zilikwenda pande zote mbili: mtafiti alipata damu, mama alipata tiba na majibu.

Mtandao huo ndio uliofanya dunia ione jambo la ajabu. Kati ya 1985 na 1994 walisajiliwa wanawake 424 ambao hawakuwa na virusi. Wanawake 239 waliambukizwa baadaye, lakini kikundi kidogo kiliendelea kuwa salama miaka mingi licha ya hatari ile ile. Utafiti wa 1996 ulisema wana aina fulani ya kinga. Mwaka 2001 chanjo iliyotokana kwa sehemu na fikra hiyo ilianza kujaribiwa Nairobi. Haikufaulu. Na tusisahau: wengi wa wale kina mama walifariki kabla ya dawa za ARV kufika mtaani kwao. Sayansi ilipata mengi kutoka Majengo. Je, Majengo ilipata kiasi gani?

Msinielewe vibaya, sisemi simu ni mbaya. Baraza lina kasoro yake: jirani anakuona ukiingia kliniki. Simu inaweza kuficha hilo. Kati ya 2007 na 2009 ulifanyika utafiti wa WelTel, na kliniki ya Pumwani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu. Wagonjwa 538 walioanza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa SMS kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Akisema shida, au akinyamaza, muuguzi alimpigia. Waliosema wanameza dawa barabara walikuwa asilimia 62, na kwa wasiotumiwa ujumbe asilimia 50. Neno moja tu la Kiswahili! Halikutaja ugonjwa, na nyuma yake kulikuwa na mtu.

Tangazo la Facebook ni kitu kingine. Ukilielekeza kwa watu wenye ugonjwa fulani, kubofya kwenyewe ni kukiri. Meta yenyewe iliondoa mwaka 2022 uwezo wa kulenga matangazo kwa mada kadhaa za afya. Na sisi Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayoweka habari za afya kati ya zile nyeti.

Basi nikarudi kwenye fomu yangu. Nikafuta jina, mtaa na lile swali la kupimwa. Imebaki nambari ya simu na saa ambayo mtu angependa kupigiwa. Mengine atauliza muuguzi, ana kwa ana. Pia nimewauliza wenye utafiti: mtawarudishia watu majibu lini, na wapi?

Bado nasubiri jibu. Fomu haitawekwa hewani kabla halijafika.