Programu ya mteja na seva ya kanzidata katika kompyuta moja

Huu ni mpangilio ambamo programu inayotuma maswali ya SQL na ile inayoyajibu hutumia prosesa, kumbukumbu na diski za mashine moja. Vitabu vya mafunzo huupitia haraka, kana kwamba ni hatua ya mwanafunzi ambaye bado hajapewa mashine ya pili. Dharau hiyo haina msingi. Kinachotenganisha mteja na seva ni mpaka kati ya michakato miwili, wala si waya kati ya mashine mbili, na faida kubwa ya kuwaweka pamoja haipo kwenye kasi inayosifiwa kila mara bali kwenye uwezo wa mfumo endeshi kumtambua anayebisha hodi.

Chimbuko

Mfano mzuri wa awali ni INGRES, kanzidata iliyoundwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Michael Stonebraker, Eugene Wong na wenzao. Iliendeshwa juu ya Unix kwenye kompyuta za PDP-11, ambamo mchakato mmoja ulikuwa na nafasi ya anwani ya KB 64 tu. Programu nzima haikuenea humo, ikagawanywa katika michakato minne iliyopokezana maneno kwa mabomba ya Unix, na wa kwanza kati ya hiyo ndio uliozungumza na mtumiaji. Kwa hiyo mteja alitengwa kwanza kwa sababu ya ufinyu wa kumbukumbu, pasipo mtandao wowote kuhusika. Ufinyu huo umekwisha zamani, lakini utengano umebaki kwa sababu nyingine: kosa katika programu ya mtumiaji likitokea ndani ya mchakato wake, haliwezi kuharibu kurasa za data zilizo katika kumbukumbu ya seva. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, iliuondoa mpaka huo kabisa, na ni somo jingine.

Njia za mawasiliano

Katika mashine moja, mteja anaweza kupitia anwani ya ndani 127.0.0.1 kwa itifaki ya TCP, au kupitia soketi ya Unix, ambayo huonekana kama faili na ilianza na toleo la 4.2BSD mwaka 1983. Oracle wana njia yao ambamo mteja huanzisha mwenyewe mchakato wa seva bila kupitia msikilizaji wa poti 1521. SQL Server ya Microsoft hutumia kumbukumbu ya pamoja. Katika MySQL kuna mtego unaowakamata wengi kwenye Linux na Unix: jina «localhost» huelekeza programu kwenye soketi, ilhali 127.0.0.1 huielekeza kwenye TCP, poti 3306. Ndiyo maana seva isipopatikana, aliyeandika «localhost» huona kosa namba 2002 na aliyeandika 127.0.0.1 namba 2003, ingawa wote wawili wanaamini wameandika kitu kilekile.

PostgreSQL ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kilicho nyuma ya pazia. Msimamizi akiandika psql bila kutaja mashine, programu haigusi mtandao. Hutafuta faili la soketi liitwalo .s.PGSQL.5432, ambalo kwenye Debian hukaa katika saraka ya /var/run/postgresql. Ikiwa utambuzi wa aina ya «peer» umewekwa katika faili la pg_hba.conf, seva haiulizi nywila. Huiuliza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni nani aliye upande wa pili wa soketi, nayo kerneli humtaja mtumiaji aliyeingia kwenye mashine. Jina likilingana na la kwenye kanzidata, mlango hufunguka. Lisipolingana, hufungwa hata kama mtu anaijua nywila. Nywila huibwa, husahauliwa ndani ya faili la mipangilio, hutumwa kwa barua pepe. Ushahidi wa kerneli hauna cha kuibwa njiani.

Kuhusu kasi, hesabu yenyewe ni rahisi. Nuru ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi kabla ya kazi yoyote. Ukurasa wa tovuti unaouliza maswali 100, moja baada ya jingine, hupoteza sekunde nzima. Hata hivyo, gharama hiyo hupunguzwa kwa kuandika maswali machache yaliyo bora, na wanaohubiri kasi peke yake hawapendi kulisema hilo.

Pingamizi

Pingamizi zito ni la kumbukumbu. Mwongozo wa PostgreSQL hupendekeza kuanza kwa kuitengea akiba ya pamoja asilimia 25 ya kumbukumbu ya mashine, lakini kwa sharti kwamba mashine ni ya kanzidata peke yake. Mpangaji wa pili akiingia, hesabu huvurugika. Kumbukumbu ikiisha, Linux huua mchakato mmoja. Ukiwa ni wa PostgreSQL unaomhudumia mteja, seva hukata miunganisho yote na kuanza kujirejesha, maana haiwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja. Dai hili ni la kweli, na dawa yake ni kuiwekea programu ya mteja kikomo cha kumbukumbu.

Pingamizi la pili husema kwamba mashine ikifa, vyote vimekufa. Lakini mfumo wa mashine mbili zinazotegemeana husimama pia ikifa yoyote kati ya hizo, au waya wake. Kinachookoa ni nakala iliyo kwingine. Lenye uzito kuliko hilo ni kwamba mvamizi aliyeiteka programu ya mteja tayari yumo ndani ya nyumba.

Tena, ukaribu haulindi kitu ikiwa seva imeachwa ikisikiliza nje. Tarehe 25 Januari 2003, kirusi SQL Slammer kilienea duniani kwa dakika chache kupitia poti 1434 ya UDP ya SQL Server, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Miongoni mwa mashine zilizoambukizwa zilikuwemo zenye MSDE, injini ndogo iliyofungashwa ndani ya programu nyingine, na wenye mashine wengi hawakujua kuwa wana seva ya kanzidata. Watengenezaji wa kanzidata ya MongoDB nao walijifunza kwa njia hiyo ngumu: baada ya wimbi la utekaji wa data mwanzoni mwa 2017, toleo la 3.6 lilianza kusikiliza ndani tu lisipoamriwa vingine.

Matumizi ya sasa

Mpangilio huu hutumika katika tovuti ndogo na katika vituo vya afya vyenye intaneti ya kusuasua. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano na mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, huweza kuendeshwa pamoja na MySQL yake kwenye mashine moja ya kliniki. Katika kontena za Docker, «localhost» kwa kawaida humaanisha kontena lenyewe, hivyo soketi hufikiwa tu saraka yake ikishirikishwa.